Seva ya Parokia: GB Ngapi Zinatosha?

Mtu anayetaka kufungua mashine ya kusaga hapa Babati mjini haendi dukani kuchagua rangi. Muuzaji atamwuliza kwanza: unasaga sembe au dona, wateja wako ni majirani tu au unategemea na magunia ya siku ya mnada, umeme wako ni wa njia moja au njia tatu? Akishajibiwa ndipo anamwonesha mota. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua seva ya ofisi, maswali hayo hayaulizwi. Anaoneshwa karatasi yenye namba, RAM kiasi hiki na diski kiasi hiki, naye anarudi nyumbani akiamini kwamba namba ikiwa kubwa mashine inafaa, na ikiwa ndogo haifai.

Jambo hili limetufikia kwa njia ya kawaida kabisa. Katika likizo hii, mafrateri tulioko Babati tuliombwa na Baba Paroko wa parokia moja pembezoni mwa mji tukae na kamati ya fedha. Kuna pesa iliyotokana na sadaka ya mavuno, mahindi na mbaazi, na parokia imekubaliana kununua seva ya kuhifadhi madaftari yake: ubatizo, kipaimara, ndoa na marehemu. Mafundi wawili walileta mapendekezo. Wa kwanza alileta seva iliyokwisha kutumika mahali pengine, nzito ya kubebwa na watu wawili, yenye RAM ya GB 64. Wa pili alileta kompyuta isiyozidi ukubwa wa Misale ya altareni, yenye RAM ya GB 16. Wazee wa kamati waliielekea ile kubwa. Sisi tuliomba wiki moja ya kupiga hesabu, na hesabu hizo ndizo tunazozileta hapa, maana tunajua parokia, shule na zahanati nyingi zinaulizana swali lile lile.

Kwanza tuelewane maneno. Seva ni kompyuta inayotumikia kompyuta nyingine. Yenyewe inakaa pembeni, mara nyingi bila mtu mbele yake, ikitunza mafaili na kuyatoa kwa yule mwenye ruhusa. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha mashine, kugawa kazi na kulinda milango. Kwa seva, mifumo inayopatikana sana kwetu ni Windows Server ya kampuni ya Microsoft, ambayo hununuliwa kwa leseni, na jamii ya Linux kama Ubuntu Server, ambayo hutolewa bure.

Kila mtengenezaji hutoa orodha ya mahitaji ya chini ya mashine. Kwa Windows Server 2022, Microsoft wanataja prosesa ya biti 64 yenye kasi ya gigahezi 1.4, RAM ya MB 512, au GB 2 ukitaka ile yenye madirisha na picha tulizozizoea, na nafasi ya GB 32 kwenye diski. Kwa Ubuntu Server 24.04, iliyotoka Aprili 2024, kiwango cha chini ni RAM ya GB 1.5 na diski ya GB 5, ila wenyewe wanashauri GB 3 na GB 25. Namba hizi ni ndogo mno. Simu za vijana wengi wa kwaya zina zaidi ya hapo.

Kwa nini basi watu wanalalamika kwamba seva zao zinakwama? Darasani, katika somo la mantiki, tunafundishwa kutofautisha sharti la lazima na sharti la kutosha. Maji ni sharti la lazima la mahindi kuota, lakini hakuna mkulima wa Magugu anayesema kwamba kwa kuwa maji yapo, basi gunia limeshapatikana. Kiwango cha chini cha mtengenezaji ni sharti la lazima. Kinasema: chini ya hapa mfumo hautaamka. Hakisemi lolote kuhusu kama utaitumikia ofisi yako.

Ushahidi wa hili umo katika maelezo ya Microsoft wenyewe. Walikwisha kutahadharisha kwamba ukijaribu kusimika Windows Server ndani ya mashine ya kufikirika, yaani kompyuta iliyoumbwa ndani ya kompyuta nyingine, ukaipa kiini kimoja cha prosesa na zile MB 512 walizotaja, zoezi la kusimika litashindikana. Wakashauri uipe zaidi ya MB 800, kisha baada ya kumaliza unaweza kuishusha hadi 512. Kwa maneno mengine, kiwango cha chini cha kuishi hakitoshi hata kuzaliwa! Tukiwasomea wanakamati sentensi hiyo walicheka, lakini tangu hapo hakuna aliyeitaja tena karatasi ile kama msahafu.

Kuna mambo mengine mawili katika orodha hiyo ambayo mafundi huyaruka. La kwanza ni kwamba mahitaji hayahusu wingi tu, yanahusu pia aina. Tangu Windows Server 2008 R2, Microsoft hawatoi tena mfumo wa seva kwa prosesa za biti 32, kwa hiyo kompyuta kongwe iliyolala stoo ya shule haitaupokea mfumo huo hata ukiijaza RAM. La pili ni kwamba RAM kubwa hula diski. Microsoft wanaeleza kuwa mashine yenye RAM inayozidi GB 16 itahitaji nafasi zaidi ya zile GB 32, kwa sababu mfumo hutenga sehemu ya diski ya kumwagia yaliyomo kwenye RAM inapozidiwa au inapoanguka. Mwenye GB 64 asishangae kuona diski imepungua kabla hajaweka faili hata moja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Parokia tunayoisema ina madaftari 18, na kila moja lina takriban kurasa 400. Ukilifungua daftari na kuskani kurasa mbili kwa pamoja unapata picha 200 kwa kila daftari, jumla 3,600. Karatasi ya ukubwa wa A3 ikiskaniwa kwa rangi, kwa nukta 300 kila inchi, hutoa picha ya nukta 4,961 kwa 3,508. Hizo ni nukta milioni 17.4, kila moja ikichukua baiti 3, yaani MB 52 kwa picha moja isiyobanwa. Zidisha kwa 3,600: GB 187. Ukiibana kwa mtindo wa JPEG wenye ubora mzuri, picha moja inashuka hadi kama MB 4, na mzigo wote unakuwa GB 14 na kitu. Tofauti ni kubwa, na uamuzi huu ni wa parokia, si wa fundi. Wino wa madaftari ya zamani umefifia, na picha isiyobanwa inahifadhi kila alama hafifu. Sisi tulishauri daftari mawili ya zamani zaidi, ambayo karatasi zake zimeanza kumeguka, yaskaniwe bila kubanwa, na mengine yabanwe.

Majina yenyewe yakichapwa kwenye orodha ya kutafutia, ili katibu aandike jina na kulipata badala ya kupekua, ni mzigo mdogo kupita kiasi. Tuseme kuna kumbukumbu 43,000, na kila moja inachukua KB 2. Jumla ni MB 86. Maisha ya kisakramenti ya parokia nzima, tangu daftari la kwanza, yanaenea mahali ambapo wimbo mmoja wa kwaya wenye video usingeenea.

Na hapo ndipo penye mtego. Mwanakamati mmoja alisema kwamba seva ikishakuwepo, basi na Misa za Jumapili ziwe zinarekodiwa na kuwekwa humo. Ni wazo jema, lakini tazama hesabu yake. Video ya ubora wa kawaida wa siku hizi, kwa megabiti 8 kila sekunde, hula MB 1 kila sekunde. Misa ya saa mbili ni GB 7.2. Jumapili 52 ni GB 374 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu Krismasi, Pasaka, jubilei na harusi. Diski ya TB 1 haimalizi mwaka wa tatu. Siku inapojaa hairuki video peke yake: mfumo unakosa nafasi ya kuandikia mambo yake wenyewe, orodha ya ubatizo inagoma kuhifadhi jina jipya, na katibu anabaki anaulizwa na mama aliyeshika mtoto kwa nini cheti hakitoki. Kwa hiyo tulisema wazi: video zikae kwenye diski yake peke yake, zisichanganywe na madaftari kabisa.

Katekista mmoja mzee, aliyekuwa amenyamaza muda mrefu, akauliza, "Frateri, hiyo diski unayosema ya TB 1, mbona ya mwanangu wa Maisaka inaandika 931? Kapunjwa?" Hapana, mzee wetu, hakupunjwa. Mwenye kiwanda huhesabu TB 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows hugawanya kwa 1,024 mara tatu, ikapata 931, kisha ikaandika GB. Baiti ni zile zile, ila vipimo ni viwili, kama debe la mkulima na kilo za mnunuzi.

Swali lake lilitufikisha kwenye upande wa pili wa mada, ambao ni dari. Mashine ina kiwango cha chini, na pia ina kikomo cha juu, na kikomo hiki kwa kawaida hakiandikwi kwenye karatasi ya fundi. Wasomaji mnakumbuka vibao vya Anwani za Makazi vilivyowekwa mwaka 2022. Fikirini fomu yenye visanduku vinne tu vya kuandikia namba ya nyumba. Namba ya mwisho inayoandikika ni 9999. Barabara inaweza kuendelea kujengwa mpaka Bonga, lakini nyumba ya 10,000 haina namba, na asiye na namba hafikiki, hata kama bati lake linang'aa.

Kompyuta nazo huandika anwani kwa visanduku, ila kila kisanduku kinapokea 0 au 1 tu. Wabunifu wengi wa zamani walichagua visanduku 32. Visanduku 32 vinatoa anwani 4,294,967,296, na namba hii moja ndiyo mama wa vikomo vingi vinavyowasumbua watu hadi leo. Ukihesabu baiti moja moja za RAM, unapata GB 4, na ndiyo sababu mfumo wa biti 32 wa kawaida haukuona zaidi ya hapo. Faili moja kwenye flashi iliyopangwa kwa FAT32 haliwezi kufika GB 4, kwa hiyo ile video ya GB 7.2 itakataa kunakiliwa wakati flashi ya GB 64 haina kitu. Watu hudhani flashi ni mbovu, wanakwenda kununua nyingine. Dawa ni kuipanga upya kwa exFAT au NTFS, baada ya kuondoa vilivyomo.

Kinachogharimu zaidi ni mpangilio wa diski unaoitwa MBR. Ulianza mwaka 1983, wakati diski ya MB 10 ilikuwa jambo la kujivunia. Huo hauhesabu baiti moja moja, unahesabu vipande vya baiti 512, kwa visanduku vile vile 32. Zidisha upate baiti 2,199,023,255,552, yaani takriban TB 2. Parokia ikinunua diski ya TB 4 na fundi akaiandaa kwa MBR, nusu ya pesa ya mavuno imelala gizani: diski ipo, ni nzima, na mfumo hauioni sehemu iliyobaki. Mpangilio mpya, GPT, unatumia visanduku 64 na hauna shida hiyo. Ni jambo la kubofya mara moja wakati wa kuandaa diski mpya. Ni la taabu ukiwa umeshaijaza. Muulizeni fundi kabla hajaanza, na asipolijua neno GPT mtafuteni mwingine.

NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, nao kwa kawaida huhesabu vipande vya KB 4 kwa visanduku 32, ukafika TB 16. Kwa parokia hiyo ni bahari. Na kikomo cha RAM cha Windows Server 2022, TB 48, tunakitaja kwa kuburudika tu.

Dari nyingine haitokani na chuma wala hesabu, inatokana na leseni. Toleo la Windows Server linaloitwa Essentials, kwa ofisi ndogo, huruhusu watumiaji 25 na vifaa 50. Ofisi ya paroko, paroko msaidizi, katibu na katekista haitafika huko. Shule ya bweni inaweza kufika kabla ya muhula kwisha. Muda nao una mwisho: Windows Server 2012 R2 iliacha kupata marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 10 Oktoba 2023, na ile seva kubwa ya fundi wa kwanza ilikuja na mfumo huo huo.

Tukirudi kwenye ubishi wa kamati, kilichoamua hakikuwa RAM. Ilikuwa Luku. Seva kongwe inayokula wati 150 mchana na usiku inamaliza uniti 108 kwa mwezi. Kompyuta ndogo ya wati 15 inamaliza uniti 11. Na umeme ukikatika, betri ndogo ya UPS inayoibeba ile kubwa kwa dakika chache inaweza kuibeba ile ndogo kwa muda mrefu zaidi, mpaka ijizime kwa utaratibu bila kuharibu mafaili.

Kwa watumiaji wanne wanaosoma picha na kuandika majina, GB 16 za RAM ni nyingi, na GB 64 ni kama kununua basi la abiria 60 kwa familia ya watu wanne. Nchi yetu ina kumbukumbu ya mambo haya. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, kwa ajili ya Wizara ya Fedha. Baada ya mifumo ya hesabu za serikali kushindwa kuleta kilichotarajiwa, mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilikuwapo. Kilichopungua kilikuwa maandalizi ya kazi na ya watu.

Aliyeuliza kwa nini tusipeleke yote kwenye intaneti tukaachana na chuma alikuwa na hoja. Lakini GB 187 kwa kasi ya megabiti 5 za kupakia zinahitaji saa 83 bila kukatika, na bando lake kamati ilishindwa hata kulikadiria. Tena taarifa za imani ya mtu zimo miongoni mwa taarifa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Popote zinapowekwa, lazima ijulikane nani anaweza kuzifungua. Mfumo wa seva unakuwezesha kumpa kila mtu ruhusa yake: katekista asome, katibu aandike, mgeni asione kitu.

Lipo pia jambo ambalo fundi hawezi kulijua asipoambiwa. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka katika daftari la ubatizo yaongezwe baadaye mambo kama kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima. Daftari la ubatizo, basi, halifungwi. Mtoto aliyebatizwa mwaka 1998 anaweza kuandikiwa ndoa pembezoni mwa mstari wake mwaka 2026, na picha iliyopigwa mwaka 2025 haitaijua ndoa hiyo. Kwa hiyo kila picha iwe na tarehe, ukurasa ulioongezwa neno uskaniwe tena, na picha ya zamani isifutwe. Tulikadiria nyongeza hiyo kuwa kurasa 300 kwa mwaka. Kwa JPEG ni GB 1.2. Diski ya TB 1 itazeeka kabla haijajaa.

Kamati ilichukua ile kompyuta ndogo, ikiwa na Ubuntu Server. Pesa iliyobaki imenunua UPS, diski ya pili ndani ya mashine inayoandika kila kitu sambamba na ya kwanza, na diski mbili za nje za kupokezana nakala kila mwisho wa mwezi. Diski sambamba haihesabiwi kuwa nakala ya akiba: katibu akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote kuwili kwa wakati mmoja. Na madaftari ya karatasi yanabaki kabatini, maana kanuni ile ile ya 535 inaagiza hata yale ya zamani yatunzwe kwa uangalifu.

Lililobaki ni mahali pa kuiweka ile diski ya nje iliyo zamu ya kukaa mbali na ofisi. Wengine wanataka ikae kwa masista, wengine ipelekwe kwenye ofisi ya Askofu huko Mbulu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 470, ilimtaka paroko kila mwisho wa mwaka apeleke kwenye ofisi ya Askofu nakala halisi ya vitabu vya parokia. Enzi hizo ilikuwa kazi ya kunakili kwa mkono, na sasa ni diski ya kutia mfukoni. Baba Paroko amesema ataliuliza jambo hili kwenye kikao kijacho cha mapadre wa dekania.